Banda la vifaa vya uvuvi wa ndoano Nzuguni: rili nzuri, mshipi wa kutilia shaka

Kila inapokaribia tarehe 8 Agosti, viwanja vya Nzuguni nje kidogo ya katikati ya jiji la Dodoma hujaa matrekta, mbegu, ng'ombe wa maziwa na matangi ya vifaranga vya samaki, na mtu anayekwenda Nanenane kutafuta habari za uvuvi hukutana kwanza na ufugaji wa samaki, kisha nyavu na boti. Uvuvi wa ndoano unaofanywa kwa burudani ni nadra kuukuta hapo. Ndiyo maana banda dogo lililokuwa na fimbo za kuvulia zilizosimamishwa ukutani, rili (vigurudumu vya kukunjia mshipi) ndani ya kabati la kioo na visanduku vya vyambo bandia vya rangi zote liliwavuta watu wengi, wakiwemo ambao hawajawahi kushika ndoano maishani mwao. Tathmini hii inahusu banda hilo na seti niliyoinunua hapo kwa Sh 95,000, yaani fimbo moja, rili moja, mshipi (uzi wa kuvulia) na sanduku la vyambo bandia, ambayo baadaye nimeitumia katika Bwawa la Hombolo na Bwawa la Mtera.

Wateja wa bidhaa hizi wapo Dodoma, ingawa mji wenyewe ni mkavu. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku kwa ukamilifu, wamekuja watumishi waliokulia Mwanza, Kigoma, Tanga na Kilwa, watu ambao mwisho wa wiki bila maji hauwaingii akilini. Baadhi yao walikwisha kuvua samaki wakubwa katika Mkondo wa Pemba, Mafia au Fungu Kizimkazi, na wamekuja na fimbo fupi nene za baharini ambazo kwa perege wa Hombolo ni mzigo tu. Wengine wanaanza upya. Hombolo iko takriban kilomita 40 kaskazini mashariki mwa mji, na Mtera ni mwendo wa kilomita 120 hivi kwa barabara ya Iringa, kwa hiyo mtu akitoka alfajiri anaweza kuvua na kurudi siku hiyohiyo. Kundi la aina hii linahitaji muuzaji anayejua maji ya hapa, na hicho ndicho kipimo nilichokitumia kulipimia banda lile.

Nianze na rili, kwa sababu ndiyo iliyostahili fedha. Ni rili ya spuli isiyozunguka, ya ukubwa unaoandikwa 4000, yenye mwili wa plastiki ngumu na spuli ya alumini. Muuzaji aliniruhusu kuifungua kisanduku na kuizungusha kabla ya kulipa, jambo ambalo wauzaji wengi huliogopa, na mkono wake ulizunguka bila kukwaruza wala kuyumba. Breki yake, yaani kile kifundo cha mbele kinachoamua samaki avute mshipi kwa nguvu kiasi gani kabla spuli haijaachia, inakazika kidogo kidogo na hairuki. Rili nyingi za bei hii huwa na breki ya hatua mbili tu: imelegea kabisa au imekaza kabisa, na samaki anapogeuka ghafla mshipi hukatika. Kambale wa Mtera ni mpimaji mzuri wa breki, kwa maana akishanasa haruki hewani bali huinamisha kichwa na kujikokota kuelekea kwenye visiki vilivyozama, akivuta kwa uzito wake wote bila haraka. Rili hii ilimwachia mshipi taratibu bila kukwama. Vumbi la Dodoma, hata hivyo, litaifikia mapema kuliko maji, kwa hiyo ni vyema kuifuta kila baada ya safari na kutia tone la mafuta kwenye kigurudumu kidogo kinachopitisha mshipi, kwa kuwa hapo ndipo mchanga hutangulia kuganda.

Fimbo ni ya kuchomoana, yenye urefu wa mita 2.7 ikinyooshwa, na imetengenezwa kwa nyuzi za kioo. Kwa anayesafiri kwa basi au bodaboda ni rahisi kubeba, na nyuzi za kioo huvumilia kugongwa kuliko kaboni, ambayo ni nyepesi na yenye hisia zaidi lakini huvunjika ikikanyagwa. Pete zake zina utepe wa kauri ndani, nami nilizipitisha kucha moja baada ya nyingine nisikute ufa. Udhaifu wake uko kwenye maungio: ukiyavuta bila kuyakaza sawasawa, pete hupishana na mshipi husugua pembeni kila unaporusha. Imeandikwa kuwa inafaa kurusha uzito wa gramu 10 hadi 30, na hilo ni kweli. Ukizidisha, ncha inapinda kiasi cha kutia wasiwasi.

Mshipi ndio ulioniondolea imani. Lebo yake ilisema unene ni milimita 0.35 na nguvu ni kilo 12, na hapo tayari palikuwa na shaka, kwa sababu nailoni ya kawaida ya unene huo haitarajiwi kubeba uzito kama huo. Niliuzungusha mara kadhaa kwenye tawi la mwarobaini bila kufunga fundo upande wa juu, kwa kuwa fundo lenyewe hupunguza nguvu, kisha nikaning'iniza dumu la lita 10 na kulijaza maji polepole. Ulikatika maji yakiwa yamepita kidogo nusu ya dumu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hesabu haihitaji fundi. Rafiki yangu mmoja alisema kwamba mshipi wa kilo 6 unatosha kwa perege, na ana haki; lakini anayenunua mshipi wa kilo 12 anapanga breki yake kwa kilo 12, na hapo ndipo samaki, ndoano na chubwi, yaani kizito cha kuzamisha ndoano, huondoka pamoja.

Kuna jambo ambalo wauzaji wa hapa wangepaswa kulijua ili wawaeleze wateja. Shirika la kimataifa linalotunza rekodi za samaki wa ndoano, IGFA, lililoanzishwa mwaka 1939 na lenye makao yake Florida, Marekani, hupanga rekodi kwa nguvu ya mshipi uliotumika. Kwa sababu hiyo ipo mishipi inayotengenezwa ili ikatike chini ya nguvu iliyoandikwa, mvuvi asije akanyimwa rekodi kwa kutumia mshipi wenye nguvu kuliko daraja alilojiandikishia, na ipo ya kawaida ambayo huahidi kubeba angalau kiasi kilichoandikwa. Ule wa bandani haukusema ni wa kundi lipi, wala muuzaji hakuwa na mizani ya kuning'iniza ambayo ingemaliza ubishi kwa dakika mbili. Spuli kadhaa zilikuwa zimepangwa juani mbele ya banda tangu asubuhi, na jua ni adui wa nailoni.

Nikifika kwenye sanduku la vyambo bandia, nakuta kwamba tatizo linaanzia mbali zaidi ya Nzuguni. Humo mlikuwa na samaki wa plastiki wenye macho mekundu, vijiko vya bati vinavyomeremeta, vyura wa mpira na minyoo ya zambarau. Ni bidhaa zilizobuniwa kwa ajili ya samaki wawindaji wanaotumia macho katika maji angavu, hasa wale wa maziwa ya Marekani, na huuzwa kwanza kwa wauzaji wenyewe. Maonesho makubwa ya biashara hii, kama ICAST ambayo huandaliwa na chama cha wafanyabiashara wa uvuvi wa michezo cha Marekani na kufanyika Orlando mwezi Julai, au EFTTEX ya Ulaya, ni ya wafanyabiashara na waandishi wa habari. Mvuvi wa kawaida hapati nafasi ya kuingia na kununua kwa rejareja. Bidhaa mpya hupangwa kwenye ukumbi wake maalumu, wanunuzi na waandishi hupiga kura kuchagua zilizo bora, kisha oda za msimu unaofuata hutolewa. Viwanda vya China, vingi vikiwa Weihai katika jimbo la Shandong, hutazama kinachopendwa na kutengeneza cha kufanana nacho kwa bei ya chini, na hicho ndicho kinachopita Kariakoo hadi kufika kwetu. Chambo kimeshashinda mioyo ya watu wengi kabla samaki wa Tanzania hajaulizwa.

Samaki wa Tanzania akiulizwa, jibu ni jepesi. Maji ya Hombolo, bwawa lililojengwa mwaka 1957 na ambalo kwa miaka mingi limekuwa likipokea tope kutoka kwenye mashamba na makorongo yanayolizunguka, ni ya rangi ya chai ya maziwa kwa sehemu kubwa ya mwaka. Perege hula mwani na viumbe vidogo vya majini, na samaki wa plastiki anayepita mbele yake hamhusu. Kambale ana jozi nne za sharubu ambazo hunusia na kuonjea gizani, kwa hiyo kijiko kinachomeremeta hakimwambii chochote, ilhali utumbo wa kuku au mnyoo mnene humwita kutoka mbali. Wapo hata wanaomtegea kipande cha sabuni. Nilivyorusha vyambo bandia vyote vya sanduku lile Hombolo, nilichokipata ni majani. Nilipofunga ndoano tupu, chubwi na mnyoo kwenye fimbo ileile na rili ileile, perege walikuja.

Kwa haki ya muuzaji, ni lazima niseme kwamba mfumo wa Mto Rufiji, ambao Ruaha Mkuu, mto wa Bwawa la Mtera, ni mojawapo ya matawi yake, una samaki wa jenasi ya Hydrocynus, ndugu wa yule ambaye wavuvi wa Ziwa Tanganyika humwita kibebe. Huyo huwinda kwa macho, hushambulia kwa kasi na meno yake hukata nailoni kama wembe. Kwake kijiko cha bati kina maana. Lakini anayemkusudia anahitaji kipande cha waya wa chuma kati ya ndoano na mshipi, na waya huo haukuwepo bandani, wala hakuna aliyeutaja. Yaani aliuziwa mtu chambo cha samaki mwenye meno pamoja na mshipi ambao samaki huyo ataukata kwa kuuma mara moja.

Ndoano nilizozikuta zilikuwa nzuri. Zilikuwemo za Mustad, kampuni ya Norway iliyoanza kutengeneza ndoano katika karne ya 19, na zilikuwa kali kiasi cha kukwaruza kucha. Hata hivyo mhudumu aliwaambia wateja kwamba namba kubwa ni ndoano kubwa, na mama mmoja aliyekuwa akimnunulia mwanawe alikaribia kuondoka na namba 12 kwa ajili ya kambale. Mzee aliyekuwa nyuma yake akamwambia, "Mama, hiyo ni ya dagaa," na kumwelekeza kwenye 2/0. Utaratibu ni kwamba namba zikishuka kuelekea 1 ndoano hukua, kisha zikianza zenye mkwaju (/) na sifuri, ukubwa hupanda pamoja na namba. Chubwi hazikuwepo kabisa, jambo la ajabu kwa banda la uvuvi, na ilibidi kuzitafuta mjini.

Kuhusu huduma kwa jumla, wahudumu walikuwa wapole na hawakumharakisha mtu, risiti ilitolewa bila kuombwa, na namba ya simu iliyoandikwa juu yake inapokelewa. Nilipoeleza habari za mshipi, nilijibiwa kwa adabu kwamba spuli ikishafunguliwa hairudishwi. Hakuna aliyewaambia wateja kwamba Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inataka leseni, na kwamba kabla ya kurusha ndoano inafaa kumwona afisa uvuvi wa wilaya ili pia ijulikane kama bwawa halijafungwa kwa wakati huo. Hakuna pia aliyegusia kwamba Mtera kuna mamba na viboko, na kwamba kuingia majini hadi magotini, kama inavyoonekana kwenye picha zilizobandikwa bandani, ni ujasiri usio na faida pale.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni kununua rili na fimbo peke yake, ambazo banda lile liliziuza pia kando ya seti kwa Sh 70,000, na fedha inayobaki aipeleke kwenye mshipi wa kuaminika, ndoano za namba mbili tatu tofauti na chubwi za kutosha. Sanduku la vyambo bandia aliache. Aliyekwisha kuvua Tanganyika au Rufiji na anayejua anachokitafuta anaweza kuchagua vijiko viwili na kuviomba viuzwe kimoja kimoja. Nilipouliza, muuzaji alikubali kwa Sh 3,000 kila kimoja, ingawa bei hiyo haikuandikwa popote.