Filamu ya The Message ya 1976, nimeiangalia na wanangu

Kwangu hakiwekwi kitu kwenye tv kabla sijakiona mwenyewe, kwa hiyo hii niliiangalia peke yangu kwanza ndo nikawaita watoto, mkubwa ana miaka 12 mdogo 8. Ni ndefu, karibu masaa matatu, tukaigawa siku tatu za Ramadhani baada ya taraweh.

Kilichonifurahisha sana ni adabu yake. Moustapha Akkad, mzaliwa wa Aleppo kule Syria, katoa filamu nzima ya maisha ya Mtume (s.a.w) na Mtume mwenyewe humuoni wala sauti yake huisikii. Watu wanaongea wakiitazama kamera kama vile yeye ndo yuko pale, akisema jambo basi masahaba wake kama Hamza au Zayd ndo wanalirudia tunasikia, unachokiona ni ngamia wake tu. Sayyidna Ali nae hivo hivo, unaona upanga wenye ncha mbili basi. Mdogo akaniuliza baba mbona Mtume haonekani, nikaisimamisha tukaongea kama nusu saa, na wallahi hiyo nusu saa nimeipenda kuliko filamu yenyewe.

Sasa shida yangu iko kwa Hamza. Kaigiza Anthony Quinn na kaigiza vizuri mno, tatizo ndo hilohilo. Siku chache baadae mwanangu kaona picha ya yule muigizaji kwenye simu akaniambia "baba, Sayyidna Hamza huyu hapa". Niliumia. Bwana wa mashahidi, amu yake Mtume, kichwani mwa mtoto wangu sasa ana sura ya mtu wa Hollywood na sijui nitaifutaje. Mtume kahifadhiwa hivo, mbona masahaba wengine wasihifadhiwe? Nyie wengine mnaweza kuona ni jambo dogo, mimi silioni dogo.

Mziki ni wa Maurice Jarre, ulifika hadi kugombea Oscar, upo mwingi na Mtume akiwa karibu kinapigwa kinanda taratibu kuashiria yupo. Kwa sisi tusiotaka ala za mziki hapo ni pagumu, nilikuwa napunguza sauti. Halafu kuna kuuliwa kwa Bi Sumayya, na vita vya Uhud pale Hind anapolitafuna ini la Hamza, mdogo nilimtoa sebuleni kabisa.

Ila pale Habasha (Ethiopia) jamani! Sahaba Ja'far kasimama mbele ya mfalme Najashi anamsomea habari za Maryam, mfalme anachora mstari chini anasema tofauti yetu na nyie haizidi huu mstari. Mke wangu alilia na mimi nikajikaza tu. Na Bilal na ile adhana ya kwanza Madina, watoto waliitikia wenyewe bila kuambiwa.

Tafuteni ya Kiarabu, Al-Risalah, zilipigwa pamoja ila waigizaji tofauti, Hamza ni Abdullah Gaith na Hind ni Muna Wassef, Quran inakuja kwa lugha yake na ladha ni nyingine kabisa. Mtoto awe na miaka 10 kwenda juu na mzazi ukae hapo hapo na rimoti mkononi. Na msiwaache watafute wenyewe kwa jina la Akkad mtandaoni, kwasababu huyohuyo jina lake liko kwenye zile filamu za kuua watu za Halloween, mtoto anakuja kwa Bilal anaishia huko.