Maji ya benzili, kichupa cha mili (mililita) 30: mazuri ila usiyaamini kwa kila kitu

Mi ni fundi maabara hapa Dar, kazi yetu kubwa ni kuyeyusha peptidi (vipande vifupi vya protini) zinazokuja zimekaushwa unga. Zamani tulikua tunatumia maji tasa ya kawaida, yale vichupa vya mili 10, unafungua unachota mili mbili, nane zote zilizobaki unamwaga maana hayana kihifadhi. Inauma aisee.

Haya ya benzili yana kihifadhi, benzili alkoholi 0.9%, yaani miligramu 9 kwenye kila mili, kwa hiyo kizibo kilekile cha mpira unakichoma leo, kesho, wiki ijayo. Mwisho siku 28 toka uchome mara ya kwanza. Tarehe naiandika kwa makapeni kwenye lebo kabla hata sijachota, maana kuna mwenzetu alikua anabisha eti mbona bado meupe, kaka maji yanaweza kuwa meupe pe na yana wadudu, na hicho kihifadhi kinawazuia wasizaliane tu hakiwauwi wote. Kizibo nafuta na spiriti ya 70% nasubiri ikauke, nasukuma hewa ndani kwa sindano sawa na maji ninayotaka kuvuta, alafu nayamwaga taratibu yateremke ukutani mwa kichupa cha peptidi. Usitikise, zungusha tu. Unga wa miligramu 5 na mili 2 za maji unapata miligramu 2.5 kwa mili, hesabu nyepesi. Ila zile peptidi zisizopenda maji hata uzungushe mpaka jioni haziyeyuki, hizo tafuta kitu kingine.

Sasa pale nilipoumia. Niliyeyusha dawa ya majaribio nikaiweka kwenye seli hai, robo dawa robo tatu midia (maji ya chakula cha seli), asubuhi seli zimevimba zimeng'oka zinaelea, tukafurahi kinoma tukajua dawa inaua. Bosi akauliza, visima (vishimo vya sahani ya seli) vya maji matupu bila dawa, vya kulinganishia, viko wapi? Sikuweka. Nikarudia na maji peke yake bila dawa, seli zikafa vilevile! Benzili yenyewe ni sumu kwa seli na maji hayana chumvi, zinayanywa mpaka zinavimba. Wiki mbili zimeenda na maji. Kwa seli hai sirudii.

Na dada mmoja jirani muuguzi aliniomba kichupa kimoja, nikamkatalia, nikihofia yasije yakatumika kwa mtoto mchanga. Haya kwa kichanga ni hatari, Marekani walitoa onyo 1982 baada ya watoto wachanga kufa.

Maji nayapa 4 kati ya 5. Muuzaji ndo simpi kitu, katoni ya kwanza ilikua safi, ya pili vifuniko vya juu vinacheza na lebo haina namba ya bechi, nikairudisha na boda siku ileile, mpaka leo ananiambia "hela inashughulikiwa dada".