Ebvallo: sindano ya dakika chache, kuipata ndo shughuli

Naandika kwa wenye ndugu waliowekewa figo au ini huku Ulaya, maana kwa Kiswahili hii dawa sijaona mtu kaielezea. Shemeji yangu aliwekewa figo hapa Ujerumani, baadaye tezi zikavimba, vipimo vikasema limfoma, yaani saratani ya seli za kinga, inayoletwa na virusi vya EBV (Epstein-Barr). Hivi virusi karibu kila mtu mzima anavyo, vimelala tu kwenye seli B, na seli T zinavichunga visilete fujo (zote mbili ni seli za kinga), sasa ukiwekewa kiungo cha mtu unapewa dawa za kushusha kinga ili mwili usikikatae, walinzi wanalegea, virusi vinapata mwanya. Wakampunguzia hizo dawa, wakampa rituximab, dawa ya kuua seli B, wapi. Ndo likaja jina la Ebvallo.

Yaani ni seli T za mtu mwingine mwenye afya zake, zimefundishwa maabara kuzisaka seli zenye EBV. Kwenye CAR-T, tiba nyingine ya seli, wanachukua seli zako mwenyewe halafu unasubiri zitengenezwe, hii ni kama nguo ya dukani, ipo tayari imegandishwa, wanatafuta tu saizi yako, hiyo HLA, yaani alama za juu ya seli ambazo kinga inazitumia kutambua cha kwako na cha mgeni.

Siku yenyewe tulishangaa wote. Tumejiandaa na mabegi kama tunahamia, kumbe wanapiga sindano ya mshipa dakika chache, wanakuangalia kama saa moja hivi, basi. Seli milioni 2 kwa kila kilo ya mwili, mara moja kwa wiki kwa wiki tatu, halafu mnangoja, mzunguko ni siku 35. Nywele hazikunyonyoka, homa ilikuwepo na uchovu wa kutosha. Raundi ya kwanza uvimbe haukutikisika, wakabadilisha wakaleta seli zinazoendana na HLA yake nyingine, hapo ndo skani ikaanza kuonesha kitu.

Ila msidanganyike na mimi, kwenye ALLELE, jaribio la dawa hii, wagonjwa walikuwa 43 na waliopata nafuu ni 22, kama nusu hivi. Na Ulaya iliidhinishwa Desemba 2022 kwa wenye limfoma hii baada ya kuwekewa kiungo au uboho tu, wakubwa na watoto kuanzia miaka 2, tena tiba nyingine iwe imeshagoma. Hapo nachukia kidogo, maana EBV yenyewe iligunduliwa London 1964 kwenye uvimbe wa watoto wa Uganda, ule daktari Burkitt aliokuwa anautuma kutoka Kampala, na kwa limfoma hiyo ya watoto, iliyopewa jina lake, dawa haina idhini.

Nyota 4. Moja nimeikata kwa makaratasi ya bima na simu zisizopokelewa huku mgonjwa anakonda. Kama wenu bado yuko kwenye rituximab msingoje imgomee, mwulizeni daktari sasa hivi kama HLA ya mgonjwa na ya aliyemtolea kiungo zote ziko kwenye faili, sisi ya mtoaji ilibidi itafutwe upya.