Lamu au Nungwi? Kama likizo yako ni ya tanga, soma kwanza kabla hujalipa

Nianze na jibu kabisa maana najua kuna watu watasoma mistari mitatu halafu waende kubuku: namba moja Lamu (Kenya), namba mbili Nungwi (Zanzibar). Lakini hiyo ni kama unachofuata ni kusafiri kwa chombo cha tanga. Kama unachofuata ni kuogelea na watoto na kulala juani, geuza orodha juu chini, na hapo wala sibishani na wewe.

Lamu naiweka juu kwa sababu pale chombo ni usafiri wa watu. Magari kisiwani ni ya kuhesabu, kazi ni ya punda na boti, hata ukija na ndege unatua kisiwa jirani cha Manda na lazima uvuke maji ndo ufike mjini, ukija na basi unaishia Mokowe upande wa bara na huko pia unapanda boti, kwa hiyo bahari utaionja kabla hujaweka begi chini. Halafu ule mkondo kati ya Lamu na Manda umekingwa, mashua inateleza vizuri bila kukurusha rusha, mtu ambaye hajawahi kupanda chombo cha tanga anaanzia hapo bila presha. Unaweza kwenda magofu ya Takwa kule Manda, au Matondoni wanakounda majahazi. Takwa lakini ulizia maji kwanza, maana unaingilia kwenye kijito chenye mikoko na maji yakipwa chombo hakifiki, utashuka utembee kwenye tope. Na mji wenyewe ni wa kale, UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia 2001, jioni ukishachoka na bahari una vichochoro vya kuzungukia.

Swali linalofuata huwa nikae Lamu mjini au Shela, kijiji cha jirani kisiwani hapo hapo. Ni kama kilomita 3 kwa miguu kando ya maji (bamvua, yaani yale maji makuu, likijaa sehemu ya njia inafunikwa, chukua boti tu). Mjini ni bei nafuu zaidi na ndo penye maisha, Shela ni tulivu, ina ufuo wa kilomita kama 12 lakini kivuli hamna na ukisogea mbali mawimbi ni ya bahari kuu. Bia mjini ni ya kutafuta, Shela kidogo afadhali. Mavazi heshimu, ule ni mji wa Waislamu, suti ya kuogelea iishie ufukweni.

Nungwi sasa. Iko ncha ya kaskazini ya Unguja, daladala zinatoka mjini, na sifa yake kubwa ni maji. Ukienda mashariki kule Paje au Jambiani maji yakipwa yanakimbia mbali kabisa, unabaki unaangalia mchanga na wakulima wa mwani, ila Nungwi na jirani yake Kendwa unaogelea karibu siku nzima. Kwa familia hiyo peke yake inatosha kumaliza mjadala. Mafundi wa majahazi nao wapo pale pale pwani, utawakuta wanakalafati, yaani fundi anasokomeza pamba yenye mafuta kwenye nyufa za mbao kwa patasi na nyundo, taratibu, ufa kwa ufa, na mie hapo naweza kusimama saa nzima. Shida yangu na Nungwi ni kwamba safari nyingi za jahazi ni za machweo, muziki juu, injini inanguruma na tanga limepandishwa kwa ajili ya picha. Vijana wa pwani nao watakufuata na ofa zao mpaka uchoke.

Kwa hiyo popote utakapokwenda, ukiongea na nahodha usianze na bei. Uliza tunakwenda kwa tanga au kwa mashine? Kurudi je, maana kwenda na upepo ni rahisi, kurudi ukiwa wa mbele ni kupiga bisha, yaani kwenda upande upande, na inaweza kula saa nyingi. Maboya ya kuvaa yako mangapi, yaone kwa macho. Chakula nani ananunua. Bei mwisho, na malipo yote usitoe mpaka mmerudi.

Msimu: kaskazi, upepo wa kaskazini, inavuma kama Desemba mpaka Machi, joto kali lakini bahari nzuri. Kusi, upepo wa kusini, inashika kuanzia Aprili hivi, na Aprili na Mei ni masika, mvua kwelikweli, nyumba zingine za wageni zinafunga kabisa. Julai mpaka Septemba kusi ina nguvu, ila pwani ya magharibi ya Nungwi inakingwa na kisiwa chenyewe, na Lamu unabaki ndani ya mkondo. Ramadhani mchana migahawa mingi imefungwa kote kote, jipange.

Mfuko: Lamu ni shilingi ya Kenya na M-Pesa inakumalizia karibu kila kitu, Zanzibar ni shilingi ya Tanzania, ingawa hoteli nyingi zilizoea kukutajia dola. Na kama si Mtanzania kuna ile bima ya lazima ya Zanzibar iliyoanza Oktoba 2024, iweke kwenye hesabu, na ukitokea Kenya beba cheti cha homa ya manjano. Wa basi la Lamu msisahau kitambulisho, njiani kuna ukaguzi.