Uzoefu wangu Pangani: ulizeni maji kwanza kabla ya kulipia boti ya Maziwe

Nimerudi juzi kutoka Pangani, mimi na mdogo wangu wa kike, nimeona niandike maana kabla ya kwenda nilitafuta mtu wa kunieleza vizuri nikakosa, wengi wanaishia kusema pametulia. Ni kweli pametulia, ila kuna mambo ukiyajua mapema safari inakuwa nyingine kabisa.

Tulitokea Tanga mjini kwa kosta, ni kama kilomita 50 hivi, njia nzima mkonge na minazi. Ukiweza shuka Tongoni uone msikiti wa kale na makaburi yake, sisi tulipitiliza kwa sababu ya mizigo na bado roho inaniuma. Gesti tulipata ya bei ya kawaida, safi, feni inazunguka, neti haina tundu.

Sasa Maziwe, ndo kilichotupeleka. Hiki ni kisiwa cha mchanga mtupu kipo ndani ya hifadhi ya bahari, mti hata mmoja hakuna. Zamani kilikuwa na mivinje, bahari ikaula mchanga miti ikaanguka, sa hivi maji yakijaa kisiwa chote kinazama, yakipwa ndo kinatoka. Hilo la kuzama sikuwa nalijua, mimi nimekulia Dodoma.

Siku ya kwanza kuna kijana alitufata gesti tukamlipa hela yote, akasema tunatoka asubuhi. Tumekaa ufukweni tangu saa mbili, mara anafata mafuta, mara anamsubiri fundi, tumekuja kuondoka saa saba mchana. Na zilikuwa siku za bamvua, yaani maji makubwa yanayojaa sana na kupwa sana, mwezi ndo kwanza umeandama, na siku hizo huko maji yanakupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi halafu yanajaa saa kumi jioni. Tulipofika mchanga uliobaki haufiki hata uwanja wa netiboli, mawimbi yanaupiga huku na huku, baada ya dakika ishirini maji yako magotini na mkoba nimeubeba kichwani. Kumuuliza habari ya hela yetu anasema si kisiwa mmekiona. Niliumia sana, sio hela tu, mdogo wangu alikuwa ameisubiri hiyo siku mwaka mzima.

Jioni tukaenda kunywa kahawa karibu na kivuko, pale barazani kuna mzee nikamwamkia, shikamoo babu, akaitikia marahaba wajukuu zangu, mbona mmenuna? Tukamweleza. Akahesabu siku za mwezi kwa vidole akasema leo mlikwenda maji yanajaa, kila siku yanachelewa kidogo, kama dakika hamsini, kwa hiyo kesho mkiondoka saa mbili mtakaa Maziwe mpaka saa sita bila wasiwasi. Akatuunganisha na nahodha anayemwamini, tukatoa nusu ya hela, nusu tukamalizia tuliporudi. Fanyeni hivyo hivyo na nyie. Ada ya hifadhi ni tofauti na hela ya boti, dai risiti yako.

Kesho yake saa mbili kamili tuko majini. Jamani. Mchanga umetoka mrefu mweupe, una mistari mistari bado mbichi, hakuna mtu zaidi yetu na ndege. Tulivaa miwani tukaangalia chini, matumbawe na samaki wa njano wamejaa, mdogo wangu akaona kiti cha pweza chekundu, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, akataka kukiinua, nahodha akamwambia hapana mwanangu kiache humo humo majini, ukikitoa kinakufa. Akatueleza pia kasa bado wanapanda hapo usiku kutaga, ila kwa kuwa maji yanafunika kisiwa mayai yangeoza, kwa hiyo kuna watu wanayahamisha wanakwenda kuyafukia kwenye ufukwe wa kijiji cha Ushongo mpaka yatotolewe, kama miezi miwili. Mimi hiyo kazi niliisikiliza nikanyamaza kimya.

Mjini penyewe zunguka kwa miguu na mtembezaji wa pale pale. Kuna mtaa wa maduka ya zamani ya Wahindi, milango ya nakshi na roshani za mbao, nyingine zinadondoka kabisa, wahusika waziokoe maana zikianguka ndo basi. Boma nalo ni la zamani sana, wenyeji wanasimulia watumwa walizikwa hai kwenye misingi yake. Na hapa hapa Pangani ndo Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim, aliyeongoza watu wa pwani kuwapinga, tarehe 15 Desemba 1889, baada ya vita vilivyoanza mwaka 1888. Shuleni nilikariri hiyo tarehe, kusimama kwenye mji wenyewe ni kitu kingine.

Msosi msiwe na shaka, wali wa nazi na changu wa kukaanga kwa mama ntilie karibu na soko, asubuhi supu ya pweza na chapati. Nenda mapema, saa tatu supu imeisha.

Siku ya tatu tulivuka na pantoni kwenda Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, nauli kidogo tu, mmepangana na bodaboda, baiskeli, mbuzi na kinamama wenye ndoo za dagaa. Daraja lilikuwa bado linajengwa. Panda kile kilima cha Bweni uangalie mto unavyoingia baharini, maji ya udongo yaliyotoka huko Kilimanjaro na Meru yanakutana na bluu na kwa muda yanakataa kuchanganyika, unaona kabisa mpaka. Tulikaa pale mpaka adhana ya magharibi.

Nyota nne kati ya tano, hiyo moja nimeizuia kwa ajili ya boti ya siku ya kwanza. Watu wa Tanga wana msemo wa waja leo waondoka leo, ila kwa Pangani tengeni siku tatu, beba hela taslimu, beba khanga ya kujistiri mjini, na ukifika tu kabla hujamuuliza mtu bei muulize kesho kisiwa kinatoka saa ngapi.