RawTherapee: ukali wa picha ambao tayari umeshaulipia

Karibuni tena wadau. Leo sichambui kamera wala lenzi. Nachambua programu ya kuchakata picha kwenye kompyuta, tena ya bure, inaitwa RawTherapee. Na nimeichagua kwa sababu ya lile swali lisiloisha kule chini kwenye maoni: "Kaka, ninunue lenzi gani picha zangu ziwe kali?" Jibu langu kwa wengi wenu ni kwamba msinunue kwanza. Ukali mnaoutafuta uko ndani ya kadi yenu ya kumbukumbu, mmeshaulipia siku mliyonunua kamera, ila unapotea njiani kabla haujafika kwenye skrini.

Tazameni picha hii. Kanga zimeanikwa kwenye kamba, mwanga wa saa tatu asubuhi, kamera ya megapikseli 24, na lenzi ni ile ya 18-55 inayokuja na boksi, ile mnayoidharau. Tundu la lenzi f/8, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 100, kamera iko juu ya stendi. Kushoto ni JPEG kama ilivyotoka kwenye kamera. Kulia ni faili la RAW, yaani data ghafi ya kihisi, la mbofyo huohuo, limepita RawTherapee. Navuta karibu hadi asilimia 100. Angalieni yale maandishi, jina la kanga. Kushoto yanasomeka, sikatai, lakini kila herufi imezungukwa na kimstari cheupe, na pamba yenyewe imelala, huoni uzi hata mmoja. Kulia nyuzi unaziona zikipishana. Unaona mpaka pale wino mwekundu ulipovuka mpaka wake kidogo kiwandani. Hakuna nilichopaka hapo. Vyote vilikuwemo.

Sasa vilipoteaje? Hapa nivumilieni kidogo, maana ukilielewa hili hutadanganywa tena na muuza lenzi.

Kihisi cha kamera hakioni rangi. Kinahesabu mwanga tu. Ili kipate rangi, juu yake kumewekwa vichujio vidogo vidogo, kimoja kwa kila pikseli: nusu vya kijani, robo vyekundu, robo vya buluu. Mpangilio huo ni wa Bryce Bayer, mhandisi wa Kodak, hataza yake ilitoka mwaka 1976 na mpaka leo ndio unaotumika kwenye kamera nyingi, simu zikiwemo. Maana yake ni hii: kamera yako ya milioni 24 ina pikseli milioni 12 zinazojua kijani peke yake, milioni 6 nyekundu peke yake, na milioni 6 buluu peke yake. Lakini picha iliyokamilika inahitaji rangi zote tatu kwenye kila pikseli, yaani namba milioni 72. Milioni 24 zimepimwa. Zile 48 zilizobaki zinakisiwa kwa hesabu kutoka kwa majirani.

Theluthi mbili ya picha yako ni makisio! Kwa hiyo nani anakisia, na anakisia vizuri kiasi gani, si jambo dogo. Kamera inakisia haraka haraka, kwa kichakataji kidogo, kwa betri, huku wewe unabonyeza tena. Kisha inafuta chenga, zile punje punje za ISO ya juu, inakoleza kingo, inabana vyote kwenye JPEG yenye ngazi 256 kwa kila rangi, wakati RAW ya biti 14 ilikuwa na 16,384. Kompyuta yako haina haraka hiyo. Inaweza kutumia fomula nzito, na wewe ndiye unayeichagua.

Haya, tuifungue. Mkiingia mara ya kwanza mtashtuka. Vitufe ni vingi, visanduku vingi, na majina mengine yameandikwa na wahandisi kwa ajili ya wahandisi. Programu hii aliianzisha Gábor Horváth wa Hungaria, na mwaka 2010 ikawa huria kabisa, watu wa nchi mbalimbali wanaiendeleza kwa kujitolea. Inaonekana. Kila mtu ameongeza alichokipenda. Msihangaike na vyote, nendeni moja kwa moja kwenye kichupo cha Raw.

Pale juu kuna orodha ya fomula za kukisia rangi. AMaZE ndiyo ya kuanzia kwa picha za ISO ya chini: nakshi za mlango wa Zanzibar, majani, nywele, kitambaa, inatoa kila kitu. RCD iko karibu sana nayo, na mimi naiona tulivu zaidi kwenye maumbo ya mviringo. Kuna zile mbili kwa moja, mfano AMaZE+VNG4: ya kwanza inashughulikia sehemu zenye mambo mengi, ya pili inashika sehemu laini kama anga, ili anga lisije na vialama vya ajabu. Picha ikiwa na chenga nyingi, jaribu LMMSE au IGV, maana AMaZE ikikutana na chenga inazichukulia kuwa nyuzi.

Wenye Fujifilm, nyingi kati ya zenu ni tofauti. Kihisi cha X-Trans, kilichoanza na X-Pro1 mwaka 2012, kina mpangilio wa sita kwa sita, si ule wa Bayer. Ndiyo maana programu nyingine zinawatolea vimistari vya kujipindapinda kwenye majani. Humu chagueni 3-pass, ile ya Markesteijn. Kompyuta itachelewa kidogo, mwachieni.

Sasa shukeni chini kidogo kwenye kichupo hichohicho. Capture Sharpening. Hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha, na kama hamtagusa kingine chochote kwenye programu hii, guseni hapa.

Kabla mwanga haujafika kwenye kihisi umeshalegezwa mara kadhaa. Lenzi inaulegeza. Kwenye baadhi ya kamera kuna kioo mbele ya kihisi kilichowekwa makusudi kulainisha picha ili mashati ya mistari yasitoe mawimbi ya rangi. Na ukibana tundu mpaka f/16 au f/22, mwanga wenyewe unatawanyika kwa kupita kwenye tundu dogo. Nukta moja ya mwanga inafika ikiwa doa. Capture Sharpening inakadiria doa hilo lina ukubwa gani, kisha inarudisha hesabu nyuma, doa liwe nukta tena. Fomula yake ni ya Richardson, 1972, na Lucy, 1974, na walioitumia sana ni wanaastronomia. Darubini ya Hubble iliporushwa mwaka 1990 kioo chake kilikuwa kimechongwa vibaya, na mpaka ilipotengenezwa Desemba 1993 picha zake zilikuwa zinasafishwa kwa hesabu za aina hii. Sasa ziko kwenye kompyuta yako, bure.

Tofautisheni na ule ukali wa kawaida mliouzoea. Ule haurudishi chochote, unafanya tu upande mweusi wa kingo uwe mweusi zaidi na mweupe uwe mweupe zaidi. Ukizidisha, bwana harusi anatoka kola yake imepakwa wanja pande zote. Hii inafanya kazi mwanzoni kabisa, rangi zikishakisiwa tu, kabla mwanga na rangi havijaguswa, ndiyo maana haiachi alama kirahisi.

Naweka tiki. Mnaona? Kipimo cha doa imekitafuta yenyewe, kwenye mafaili yangu huwa hakifiki pikseli moja, na kizingiti cha kontrasti nacho imekikisia. Kizingiti ndicho kinachoamua iguse wapi. Bonyeza kile kitufe cha kuonyesha kinyago: palipo peupe panaguswa, palipo peusi panaachwa. Kanga ni nyeupe, ukuta wa nyuma ni mweusi. Safi. Ukiona anga au shavu la mtu linaanza kuwa jeupe, pandisha kizingiti. Marudio, yaani hesabu irudiwe mara ngapi, yapo 20, yaacheni hapohapo, kuongeza ni kutafuta chenga. Na kwa wenye lenzi za boksi, kuna kipimo cha kuongeza nguvu kwenye pembe. Pembe za lenzi hizi huwa legelege, nipandishe kidogo... hapo. Herufi za pembeni zimeamka. Hiki kipimo peke yake kingewaokolea watu hela.

Ila msiipe sifa isiyo yake. Kama fokasi imekaa kwenye sikio badala ya jicho, imekaa kwenye sikio. Mkono uliotikisika kwa kasi ya 1/15 ya sekunde, hakuna hesabu humu itakayoutuliza. Na toleo lolote chini ya 5.8, lililotoka Februari 2020, halina kifaa hiki kabisa.

Tuje kwenye usiku. Picha hii ni ukumbini, sherehe, taa za zambarau, ISO 6400. Nimejaribu kila njia. LMMSE, kupunguza chenga kwenye kichupo cha Detail, kizingiti juu. Inatoka nzuri, lakini nikiiweka pembeni ya PureRAW, programu ya kulipia ya kampuni ya Ufaransa iitwayo DxO, RawTherapee imepigwa, tena si kidogo. Wale Wafaransa walileta teknolojia yao ya kufuta chenga, DeepPRIME, mwaka 2020, PureRAW ikafuata 2021. Inakisia rangi na kufuta chenga kwa wakati mmoja kwa mtandao wa neva uliofundishwa kwa picha nyingi, na juu yake wana vipimo vya maabara kwa kila lenzi ikiwa na kamera yake. Adobe nao wakaweka kifaa chao cha kufuta chenga, Denoise, kwenye programu yao ya Lightroom Aprili 2023, nayo ni kali. Kama mkate wako ni harusi za usiku, sitakudanganya, hizo ndizo zako.

Lakini piga hesabu yote. Adobe ni kulipa kila mwezi. DxO unalipa mara moja na kuna muda wa kujaribu bure, ila inakutolea mafaili ya DNG (aina nyingine ya faili ghafi) makubwa mara kadhaa kuliko RAW yako, na diski inajaa. Zote mbili zinataka kadi nzuri ya michoro. Kwenye kompyuta mpakato za mtumba tunazotumia wengi wetu, picha moja unaweza ukaenda kunywa chai ukarudi. Harusi ina picha mia ngapi? RawTherapee inatumia kichakataji cha kawaida tu. Na jambo jingine: hizi za akili mnemba zikikosa taarifa, zinabuni. Vutieni karibu maandishi madogo kwenye picha ya usiku, mtaona herufi zenye umbo la herufi lakini hazisomeki kwa lugha yoyote. Kwa keki, sawa. Kwa bango la mgeni rasmi, angalieni kabla hamjamkabidhi mteja.

Kasoro nyingine za RawTherapee nazitaja haraka. Haina maktaba ya kupangia picha kama Lightroom, unafungua mafolda tu. Marekebisho ya sehemu moja ya picha yapo tangu 5.9, lakini kuyajifunza ni kazi. Matoleo ya zamani yalisumbua na CR3, yaani RAW za kamera mpya za Canon, chukua jipya. Na ukiburuta kitu, onyesho linasitasita kabla ya kubadilika, hasa kompyuta ikiwa na RAM ndogo.

Halafu kuna suala la bibi harusi. Ukali huu unatoa kila kitundu cha ngozi na kila chembe ya poda. Mimi kwa picha za uso nazima Capture Sharpening, au napandisha kizingiti mpaka zibaki kope na kushona kwa gauni. Undani mwingi si kila mtu anauomba.

Na mwisho wa yote picha inakwenda wapi? Umehangaika saa nzima, halafu unamtumia mteja kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inapunguzwa, inabanwa, nyuzi zote kwaheri. Itume kama faili, yaani hati. Kwa Instagram punguza mwenyewe upana uwe pikseli 1080 kwenye kichupo cha Transform, kisha washa ule ukali wa baada ya kupunguza uliopo hapohapo, kiasi kidogo tu. Kazi hii yote faida yake utaiona ukichapa albamu kubwa, ukitengeneza bango, au ukikata kipande kidogo katikati ya picha ukakikuza.

Maamuzi yangu: mpiga picha wa bidhaa, vitambaa, majengo, mandhari, mchana au studio, ipakue leo. Wa usiku, itumie kwa zile picha za mchana bibi harusi anapopambwa, na PureRAW ijaribu kwa picha zako mwenyewe kabla hujalipa. Pakueni kutoka rawtherapee.com, ipo ya Windows, Mac na Linux, na msichukue kwenye tovuti za kuzurura. Mkiifungua, anzeni na picha mliyoipiga kwa f/16 juu ya stendi, maana hapo ndipo tofauti inaonekana upesi zaidi. Mkikwama, andikeni kwenye maoni aina ya kamera na ISO mliyotumia, vinginevyo nitakuwa napiga ramli.