Daktari wa meno wa kuja nyumbani: nyota nne

Kwa anayemtunza mzee wa kitandani, mdomo ndio hukumbukwa mwisho. Presha inapimwa, mgongo unageuzwa, nguo zinabadilishwa, mdomo unapanguswa tu yaishe. Huduma hii niliiita kwa ajili ya mama mkwe, aliyepooza upande wa kulia baada ya kiharusi.

Daktari alimwamkia, kisha akauliza dawa anazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda na za mifupa. Hizi za mifupa, baadhi yake hufanya taya lichelewe kupona jino likishang'olewa. Akainua kitanda, akaweka mto nyuma ya kichwa ili kidevu kishuke kidogo, ndipo akavaa tochi ya kichwani. Kwenye shavu la kulia alitoa donge la chakula ambacho mama hakuwa na habari nacho. Akavua meno ya bandia: kaakaa lilikuwa jekundu, wekundu wenye umbo lile lile la plastiki ya meno hayo. Fangasi. Mama alikuwa hakubali kuyavua usiku, hataki aonekane kibogoyo. Daktari hakumgombeza. "Mama, na fizi nazo zinahitaji kulala," akamwambia. Mama akacheka, akakubali. Sasa yanalala majini, baada ya kusuguliwa kwa sabuni, maana dawa ya meno hukwaruza plastiki.

Ila kilichonifurahisha zaidi ni kwamba hakuishia kwenye meno. Alimwambia atamke pa-pa-pa, kisha ta-ta-ta, kisha ka-ka-ka, haraka awezavyo. Pa ni kazi ya midomo, ta ya ncha ya ulimi, ka ya ulimi wa nyuma, unaosukuma chakula kooni. Pa ilivuja hewa kulia, ta ilisikika vizuri, ka ikagoma kabisa. Halafu akamgusa kooni, akamwambia ameze mate mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Chini ya mara tatu kuna wasiwasi. Mama alimeza mara mbili. Kumbe kile kikohozi cha kila baada ya mlo tulichokiita mafua huenda ni shida ya kumeza! Mate machafu yakipita njia ya hewa yanaweza kuleta nimonia. Ametuelekeza kwa mtaalamu wa kumeza.

Nyota moja nimeizuia. Msaidizi wake alikuwa akiniuliza mimi, "Anasikia maumivu?", mwenyewe yupo hapo na akili zake timamu. Jino moja linalotikisika hawakuling'oa, wanasema hilo ni la kliniki, na kumsafirisha mama ni shughuli pevu. Tena maelekezo yote yalitolewa kwa mdomo. Nililazimika kuyaandika mwenyewe na kuyabandika ukutani kwa ajili ya dada wa zamu ya usiku.

Ukiwaita, omba waje asubuhi mgonjwa hajachoka, na asiwe ametoka kula. Orodha ya dawa iwe mkononi.